Sahifa ya Mtu Mmoja

Mtu apitaye baina ya Mkunazini na Sokomuhogo baada ya sala ya alasiri, wakati jua limekwisha kuinama na vichochoro vimepoa, huyaona mbele ya nyumba za mawe yale mabaraza yaliyojengwa pamoja na kuta zenyewe, kwa mawe yale yale na chokaa ile ile, ambayo mwenye nyumba hayakodishi wala hayauzi, bali huyaacha yakaliwe na jirani, na mpita njia, na muuza kahawa atuaye dele lake la shaba, na mzee ambaye hadithi zake hazijapata kwisha tangu tulipokuwa watoto. Baraza ni la mwenye nyumba, kwa kuwa yeye ndiye alifagiaye na kulipaka chokaa kila Ramadhani ikikaribia, na neno ovu likisemwa hapo lawama humfikia yeye. Na papo hapo si lake peke yake, kwa kuwa hapana aliyewahi kumwuliza mtu aliyeketi amelipa nini hata akaketi. Tangu Mji Mkongwe uingizwe mwaka 2000 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na wageni wakazidi kumiminika, nyumba nyingi za namna hii zimegeuzwa hoteli na maduka ya vinyago, na baadhi ya mabaraza yake yamewekewa vyungu vya maua au meza za chai ya kulipia, hata yule mzee akahamia penginepo pamoja na hadithi zake.

Nimeanza na mabaraza, ilhali makala haya yanahusu intaneti, kwa sababu lililotokea katika vichochoro vyetu ndilo lililotokea, kwa kipimo kikubwa mno, katika ule utaratibu wa kurasa zilizoungana ambao Mwingereza Tim Berners-Lee aliubuni mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN mjini Geneva, na ambao kituo hicho, tarehe 30 Aprili 1993, kiliwaachia walimwengu wote bila ya ada. Katika miaka ile ya mwanzo, aliyekuwa na neno la kusema alijijengea ukurasa wake mwenyewe, ukawa mzuri au mbovu kwa kadiri ya ujuzi wake, akaweka humo mapishi, au mashairi, au malalamiko juu ya diwani wa mtaa, na wenziwe wakamzuru kama wazuruvyo watu baraza la jirani.

Ukurasa uliopendwa kuliko zote uliitwa blogu, na asili ya neno hili inatuhusu sisi watu wa pwani, kwa kuwa ni neno la baharini. Mabaharia wa Kiingereza wa zamani walipima mwendo wa merikebu kwa kutupa majini kipande cha gogo kilichofungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yaliyowapita viganjani kwa muda maalumu, kisha wakaiandika hesabu hiyo katika daftari. Daftari likarithi jina la gogo, yaani log, na siku zilivyokwenda likabeba khabari zote za safari, za pepo na bandari na maradhi ya watu. Mwaka 1997 Mmarekani aitwaye Jorn Barger akalichukua jina la daftari hilo akaliunganisha na la mtandao, yaani web, na mwaka 1999 mwenziwe, Peter Merholz, akalivunja neno pahala pasipotazamiwa, ndipo likabaki hili fupi tulitumialo. Manahodha wa bahari yetu nao walikuwa na rahmani, yaani kitabu cha kuongozea njia kilichoandikwa nyota na bandari na miamba, na kutoka kwake ndiko tulikopata neno letu ramani. Kwa hiyo fikra ya mtu kuandika siku kwa siku aliyoyaona njiani, ili yamfae ajaye nyuma yake, si ngeni katika maji haya.

Blogu yenyewe ni kitu chepesi kukieleza. Ni ukurasa wa mtu mmoja, wenye jina lake au lakabu yake, ambao andiko jipya hukaa juu na la zamani hushuka chini, kila andiko likiwa na tarehe yake na anwani yake isiyobadilika, hata mtu akitaka kumwonesha mwenziwe maneno yaliyoandikwa miaka kumi nyuma ampelekee anwani ile na maneno ayakute. Chini yake msomaji aweza kuongeza lake, na mwandishi akamjibu. Hakuna zaidi ya hayo.

Katika Kiswahili mlango huu ulifunguliwa na Ndesanjo Macha, mwandishi wa Kitanzania aliyekuwa akiishi Marekani, ambaye mwaka 2004 alianzisha blogu aliyoiita Jikomboe, katika zama ambazo wengi wetu tulidhani kompyuta haifahamu ila Kiingereza. Yeye huyo, ambaye pia alikuwa miongoni mwa walioijenga Wikipedia ya Kiswahili, aliwahimiza wengine wafungue kurasa zao, na mmoja wa waliomsikiliza ni mpiga picha Muhidin Issa Michuzi, aliyeanzisha yake Septemba 2005 akiwa safarini Helsinki, ikaja kuwa maarufu nchi nzima. Waliofuata walijiita wanablogu, wakabishana hata juu ya neno, wengine wakipendelea kuiita gazeti tando. Na ubishi ule, ambao mtu wa nje angeuona mdogo, mimi nauheshimu, kwa sababu ndani yake lugha ilikuwa inachukua vipimo vya nguo mpya bila ya kusubiri kamati iikatie.

Kwa Zanzibar jambo hili lilikuja wakati wake khasa. Gazeti la kila wiki la Dira, lililoanza mwishoni mwa mwaka 2002 chini ya mhariri Ali Nabwa, lilifungiwa na serikali Novemba 2003, na kwa muda mrefu baada ya hapo Mzanzibari aliyetaka kusoma rai iliyo tafauti na ya gazeti la serikali aghalabu alilazimika kuitafuta katika magazeti ya Bara au mtandaoni. Waandishi wa visiwani na waliotawanyika ughaibuni, wa Uingereza, wa Oman, wa nchi za Skandinavia, wakafungua kurasa zao, baadhi zikiwa kali, baadhi zikiwa za hasira tupu, na chache zikiwa za maana kubwa. Mohammed Ghassani, mshairi mzaliwa wa Pemba anayefanya kazi Ujerumani katika idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, na ambaye diwani yake ya N'na Kwetu ilipata Tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2015, ni mmoja wa wale walioweka mashairi na makala zao katika kurasa wanazozisimamia wenyewe. Na msomaji aliyeko Wete na aliyeko Bonn waliweza kukutana katika ubeti mmoja kwa saa moja.

Lakini msomaji akiniruhusu nirudi nyuma kuliko kompyuta zote, nitamwonesha mtu aliyeifanya kazi hii kabla ya umeme kuzifikia nyumba nyingi za pwani. Mwaka 1930, mjini Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, na ambaye sehemu ya ilimu yake aliichota hapa Unguja kwa Sheikh Ahmed bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir, alianza kutoa karatasi ndogo ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, akaipa jina la Sahifa. Magazeti ya Unguja ya enzi ile yalikuwa na wakubwa nyuma yake: Mazungumzo ya Walimu wa Unguja, yaliyoanza 1927, yalitoka katika Idara ya Elimu ya serikali, na Al-Falaq, lililoanza 1929, lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu. Nyuma ya Sahifa alikuwapo mtu mmoja na kalamu yake. Humo aliandika juu ya wazazi waliowaacha watoto bila ya ilimu, juu ya mali iteketezwayo katika harusi na matanga, juu ya kuiga mambo ya Wazungu bila ya kupambanua lililo na faida na lisilo na faida, na juu ya unyonge wa watu wake katika biashara na katika nchi yao wenyewe. Aliwakemea kwa sababu walikuwa ni wake, na waliokemewa waliijua nyumba yake, na msikiti anaposali, na walimu waliomsomesha, wakaweza kumwendea wakamwambia hapa umekosea au hapa umesema kweli. Mwaka 1932 karatasi ile ilifuatiwa na gazeti la Al-Islah, la Kiswahili na Kiarabu, na mwaka 1944 maandishi ya Sahifa yalikusanywa kuwa kitabu, Uwongozi, ambacho kimesomwa na vizazi baada yake.

Kila nikiyafikiri maandishi yale, naona kwamba nguvu yake ilitoka katika jambo moja, nalo ni kuwa msemaji alikuwa akijulikana na alikuwa tayari kujibu. Huo ndio uzuri wa kwanza wa blogu, na uzuri mwingine wote ni matawi ya shina hilo.

Sasa nitazame upande wa pili. Mwaka 2003 Google iliinunua Blogger, iliyokuwa karakana ya blogu nyingi za dunia. Facebook, iliyozaliwa mwaka 2004 katika chuo kikuu cha Harvard, iliwafungulia mlango watu wote mwaka 2006, ikainunua Instagram mwaka 2012, na mwaka 2014 ikainunua WhatsApp kwa takriban dola bilioni 19. Na Julai 2013 Google ikaifunga Google Reader, chombo ambacho wasomaji walikitumia kukusanyia pahala pamoja maandishi mapya ya waandishi waliowachagua wenyewe. Huku kwetu, ambako wengi waliipata simu kabla ya kuigusa kompyuta, mitandao ya simu huuza mabando ya mitandao ya kijamii kwa bei nafuu, hata kijana wa Kwahani au wa Mwembetanga akijiunga na bando la siku huona ameinunua intaneti nzima, na kumbe amenunua ruhusa ya kuingia katika kumbi mbili tatu za matajiri wa California.

Kumbi hizo hazina kiingilio. Gharama yake hulipwa na wenye matangazo, nao hulipia muda ambao macho yetu yametua pale, na kwa hivyo mashine za kampuni hizi zimefundishwa kuyapanga maandishi kwa nguvu yake ya kumzuia mtu asiondoke, bighairi ya kutazama tarehe, wala ukweli, wala udugu wa msemaji na msikilizaji. Dada yako aliyeko Muscat aweza kuandika leo kwamba mama ni mgonjwa, nawe usilione neno lake ila kesho kutwa, baada ya kwanza kuoneshwa ugomvi wa wasanii usiowajua na mtu anayecheka ndani ya gari. Na yule aandikaye humo, naye hujifunza upesi sana nini kinachopendwa na mashine: huyakata maneno yake, huongeza ukali, huacha sharti na istithnaa ambazo mtu mwadilifu hawezi kuzungumza bila yake, na baada ya mwaka mmoja hawezi tena kusema jambo ambalo linahitaji aya tatu ili lieleweke. Nimeliona hili kwa vijana wenye vipaji, na limenihuzunisha.

Mimi mwenyewe nina ukurasa. Niliuanza kwa kuandika juu ya nyumba za mawe, kazi ambayo babu yangu aliijua kwa mikono nami naijua kwa masikio tu: namna mawe ya matumbawe yanavyochomwa katika tanuu mpaka yakawa chokaa, na kwa nini chokaa isiyokaa majini muda wa kutosha humsaliti fundi, na kwa nini vyumba vya nyumba zetu ni virefu na vyembamba, jambo ambalo wageni hulistaajabia na sababu yake ni kwamba boriti za mikoko zinazoibeba dari hazikubali uwazi uliozidi mita tatu hivi. Siku niliyoandika juu ya boriti, walinisoma watu kumi na mmoja. Katika ukumbi wa kampuni hesabu hiyo ni aibu, na mashine ingelizika andiko lile kabla ya magharibi. Lakini mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa fundi wa Makunduchi, akaniandikia kuwa nimezichanganya aina mbili za mikoko, akanieleza ipi yadumu na ipi huliwa na mchwa, nami nikalisahihisha andiko, na jina lake nikaliweka pale kwa idhini yake. Na baada ya miaka mitatu, mtu anayetengeneza nyumba ya urithi wao Malindi akalikuta sahihisho hilo akalifuata. Maneno hayo mawili, kosa langu na sahihisho la fundi, yalimsubiri pale pale miaka yote mitatu. Katika kumbi kubwa neno la jana ni maiti, na kulifukua hapana awezaye.

Sisemi kwamba wenye blogu wote ni watu wema. Wapo walioiba picha na makala za wenziwao, wapo waliozua mambo juu ya ndoa za watu, na blogu nyingi za Kitanzania zilizoanza kama sauti ya mtu ziligeuka kuwa mbao za matangazo ya makampuni na picha za mikutano, zikawa zinashindana nani ataweka kwanza lile ambalo wote wanaliweka. Zilipofika hapo zilikuwa zimekwisha kuitupa ile bidhaa moja ambayo kampuni kubwa haikuweza kuwaigizia, yaani macho ya mtu fulani, anayekaa mtaa fulani, akilitazama jambo fulani kwa sababu linamkereketa moyoni.

Kisha ikaja sheria. Machi 2018 zilitangazwa kanuni za maudhui ya mtandaoni za Jamhuri ya Muungano, zilizomtaka mwenye blogu aombe leseni kwa ada ya shilingi 100,000, alipie leseni ya kwanza shilingi 1,000,000, na kila mwaka alipe shilingi 1,000,000 nyingine, na atakayeandika bila ya leseni akabiliwe na faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miezi 12. Gazeti lenye matangazo laweza kuzilipa fedha hizo. Mwalimu wa skuli anayeandika Jumamosi usiku juu ya methali za Kipemba atazitoa wapi? Katika mwezi wa Juni mwaka ule waandishi kadhaa, baadhi yao wakiwa wanasomwa na watu wengi, walizifunga kurasa zao badala ya kulipa au kuvunja sheria, na wengi wa wale wadogo walinyamaza bila ya kuaga. Kanuni zile ziliandikwa upya mwaka 2020 na zikarekebishwa tena mwaka 2022, na ada zikapunguzwa, lakini mtu aliyekwisha kuzoea kunyamaza harudi kuzungumza kwa kuwa bei imeshuka. Yeye huhamia kule kusikodaiwa leseni, katika kumbi za kampuni, kukagawanyika sauti yake vipande vipande. Kwa hivyo sheria iliyokusudiwa kuleta adabu mtandaoni iliwasukuma watu kutoka katika nyumba zenye majina kwenda katika soko lisilo na majina. Hilo mimi naliona kosa, na nalisema hivyo kwa heshima.

Liko jambo jingine linalonishughulisha zaidi, kwa sababu halitibiki kwa kubadilisha kanuni. Maandishi yangu ya miaka ya mwanzo, yapatayo arobaini, niliyaweka katika nyumba ya kampuni moja ya ng'ambo iliyokuwa ikitoa nafasi bure. Siku moja kampuni ilitangaza kuwa inaifunga huduma ile, ikaleta ilani katika anwani ya barua niliyokuwa nimekwisha kuiacha, na nilipokwenda kutazama nilikuta ukuta mtupu. Na mimi si wa kwanza: Yahoo ilipoifunga GeoCities Oktoba 2009, mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida zilikaribia kupotea zote, na zilizosalia zilisalia kwa juhudi za watu wa kujitolea na za Internet Archive, maktaba ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya kunakili kurasa za mtandao kabla hazijatoweka. Katika Nyaraka za Taifa, pale Kilimani, mtu aweza kukaa kiti cha mbao akaletewa gazeti la Unguja lililochapwa kabla ya baba yake kuzaliwa, karatasi imekuwa rangi ya chai, herufi zimebaki. Blogu za Kiswahili za mwaka 2005, ambazo waandishi wake wengi wangali hai, nyingi zikifunguliwa leo hazifunguki.

Uwongozi upo mikononi mwetu kwa sababu yupo aliyezikusanya zile karatasi za Mombasa akazitia katika kitabu. Basi mimi, tangu msiba ule mdogo, nimenunua anwani yangu mwenyewe, ambayo nailipia kila mwaka kwa bei isiyofika ya kilo chache za nyama, ili nyumba nikiihama niende na mlango wangu. Na kila andiko nalichapa katika karatasi, nalitia tarehe kwa mkono, nalihifadhi katika sanduku la njumu alilolirithi bibi yangu kwa mama yake, chini ya vyeti vya kuzaliwa na hati ya nyumba. Wiki hii zimeongezeka karatasi mbili. Moja ni andiko juu ya milango, ambalo bado linahitaji kusahihishwa. Ya pili ni barua ya msomaji aliyeko Muscat, mwanamke mtu mzima, aliyeondoka hapa akiwa na umri wa miaka minane, ambaye ameniandikia chini ya andiko la zamani akinielekeza kwa mizunguko ya vichochoro anavyovikumbuka mpaka nyumba yao ilipokuwa, akaniuliza kama baraza la pembeni, lililokuwa na ufa alioutia yeye na kaka yake kwa mchi, lingalipo. Kesho baada ya alasiri nitapita huko nikalitazame, ndipo nimjibu.